Narudi ofisini baada ya miaka 6: nguo za zamani zirekebishwe au ninunue mpya?

MrudiKazini

Salaam wadau. Nimebakiwa na wiki 5 kabla ya kuripoti kazini baada ya kukaa nyumbani miaka 6. Ni kazi ya mezani, siku 3 ofisini na 2 nyumbani, na vikao vingi ni vya video. Barua ya ajira inasema tu "mavazi nadhifu ya kiofisi", haikufafanua zaidi.

Kabatini nina suruali 4 (mbili za sufu iliyochanganywa na poliesta, mbili za kitambaa kinachovutika), sketi 2 zilizonyooka zenye bitana, makoti 2, mashati 6 na jozi 3 za viatu zilizokaa kwenye maboksi muda wote huo. Kiuno kimeongezeka sentimita 6, kifua 5, nyonga 4. Mabega hayajabadilika.

Naomba kujua nguo ipi inafaa kupelekwa kwa fundi na ipi ni kupoteza hela, na ninunue ngapi kwa kuanzia. Nafua mara moja kwa wiki.

SindanoNaUzi

Dada, umefanya la maana kuanza na tepu. Ongeza vipimo viwili. Pima nyonga ukiwa umekaa kwenye kiti kigumu, kwa sababu nyonga hutanuka ukikaa, na ofisini utakaa saa 7 au 8. Pima pia paja mahali linapojaa zaidi. Suruali nyingi zinazoitwa "zinabana kiuno" kumbe zinabana paja, na paja likivuta kitambaa, kiuno nacho kinateremka nyuma.

Sasa geuza kila nguo ndani nje. Kwenye suruali tafuta mshono wa katikati ya makalio, upime kitambaa kilichobaki ndani upande mmoja. Ondoa sentimita 1 ambayo lazima ibaki ili mshono usifumuke, kinachosalia zidisha kwa 2. Ukikuta sentimita 3, umepata 2 kila upande, yaani 4. Wewe unahitaji 6, kwa hiyo 2 nyingine zitoke kwenye mishono ya ubavuni: nusu sentimita katika kila moja ya kingo nne. Nyonga nazo zitapata nafasi humohumo. Lakini suruali nyingi za kike zilizoshonwa kiwandani huachiwa sentimita 1 tu ndani. Ukikuta hivyo, usimbebeshe fundi lawama, hakuna kitambaa cha kutoa.

Angalia na ukanda wa kiunoni. Kama una mshono nyuma, utafunguka pamoja na suruali. Kama umekatwa kipande kimoja, fundi atalazimika kuukata na kuunga kiraka, na kiraka kitaonekana siku utakayochomekea shati.

Kabla hujamruhusu afumue, fungua sentimita 2 za pindo la chini kwa ndani, ulinganishe rangi ya kitambaa kilichofichwa na ya kilichokuwa nje. Kilichokuwa nje kikiwa kimepauka, mshono ukitolewa utaacha mstari mweusi ubavuni au matakoni, na hakuna pasi ya kuufuta. Matundu ya sindano ni habari nyingine: kwenye sufu mvuke huyafunga, kwenye poliesta tupu na hariri hubaki.

Zile mbili zinazovutika, shika kitambaa sehemu ya goti, kivute kwa nguvu kisha kiachie. Kisiporudi mara moja, au ukiona vinyuzi vyeupe vimechomoza, spandeksi, yaani nyuzi zinazofanya kitambaa kivutike, imekufa. Hizo ni za bustanini sasa, fundi hana la kufanya.

Makoti ndiyo akiba yako. Mabega hayajabadilika, na bega ndilo sehemu ya koti ambayo sishauri mtu aiguse, maana kulirekebisha ni sawa na kushona koti upya. Livae, kumbatia mikono mbele kama mtu anayesikia baridi. Mgongo ukibana hadi mshono unalia, liache. Usipobana, funga kifungo utazame kitambaa kinachokizunguka. Mikunjo ikichora alama ya X, kifungo kinaweza kusogezwa sentimita 1 hadi 1.5, zaidi ya hapo kola inaanza kukaa upande. Au vaa koti wazi, ofisi nyingi hakuna atakayekuuliza.

Jambo moja linasahauliwa: pitisha kiganja kwenye kola na sehemu ya mbele ya makoti hayo. Ndani yake kuna kitambaa kigumu kilichogandishwa kwa gundi. Gundi ikiachia, nguo inafanya mapovu kama rangi ya ukuta uliolowa. Hilo halina dawa.

Sketi zenye bitana, ukitoa kitambaa cha nje lazima bitana nayo itolewe. Fundi wa haraka huiacha, na siku ya kwanza ukikaa inachanika juu ya mpasuo.

KitiChaUtumishi

Fundi kamaliza upande wake, niseme upande wa ofisi.

"Mavazi nadhifu ya kiofisi" yana maana tofauti kila ofisi, kwa hiyo usikisie. Mwandikie aliyekutumia barua ya ajira maswali mawili tu: watu wa kitengo changu huvaa nini siku isiyo na mgeni, na huvaa nini siku ya kukutana na wateja? Ukiuliza "kuna utaratibu gani wa mavazi?" utatumiwa ukurasa wa kanuni zinazokataza kandambili, na hutajua chochote zaidi. Picha za wafanyakazi kwenye tovuti zisikutishe wala zisikudanganye. Siku ya kupigwa picha kila mtu alikuwa ameambiwa avae vizuri.

Siku za kwanza simama ngazi moja juu ya ulichoambiwa. Wakisema shati na suruali bila koti, nenda na koti mkononi. Kulivua ni rahisi kuliko kulitamani.

Kuhusu idadi, kosa kubwa la wanaorudi kazini ni kununua kabati zima kabla hawajaiona ofisi. Hujui kiyoyozi kina baridi kiasi gani, hujui kiti kina kitambaa kinachokwaruza, hujui kama utapanda ngazi mara kumi kwa siku. Nunua nusu sasa, nusu baada ya wiki 3 za kazi.

Kwa siku 3 za ofisini na kufua mara moja kwa wiki: nguo za juu 5 (tatu za ofisini, moja ya vikao vya nyumbani, moja ya akiba siku chai ikimwagika), za chini 2 au 3, koti 1, sweta nyepesi 1 ya kufungua mbele, viatu jozi 2. Nguo ya juu ya ofisini huvaliwa mara moja na kufuliwa. Suruali ya sufu huvaliwa mara 3 au 4 ikipumzishwa siku nzima kwenye hanga kati ya siku na siku, hata mikunjo ya gotini hujinyoosha yenyewe. Kila nguo ya juu ikubaliane na angalau mbili za chini. Isiyokubaliana, hata iwe nzuri vipi, iache dukani.

Vikao vya video: epuka mistari myembamba iliyokaribiana na vijiboksi vidogo. Kamera huvifanya vicheze-cheze na anayekutazama anachoka macho. Rangi moja iliyokolea kiasi na kola inayosimama yenyewe vinatosha. Nyeupe tupu karibu na dirisha huifanya kamera itie giza usoni.

Rahisi_Tu

Mbona mnamchosha dada wa watu? Anunue za chini nyeusi zote, za juu nyeupe zote, mchezo umeisha.

KitiChaUtumishi

Nyeusi ndiyo rangi ngumu kuliko zote kuoanisha, mkuu. Nyeusi ya koti la kiwanda kimoja inaweza kuelekea kijani, ya suruali ya kiwanda kingine ikaelekea wekundu. Chini ya taa ya duka zinafanana, ukitoka juani unaonekana umevaa suti mbili nusunusu. Tena suruali hufuliwa mara nyingi kuliko koti, kwa hiyo hata zilizonunuliwa pamoja huachana. Nywele, vumbi na unga wa chaki vyote vinaonekana juu yake.

Bluu iliyokolea au kijivu cha makaa husamehe zaidi. Na kama koti na suruali hazikutoka kitambaa kimoja, tofauti iwe ya makusudi: koti la bluu, suruali ya kijivu. Tofauti ndogo ndiyo inayoonekana kama kosa.

Rahisi_Tu

Haya, nimesoma. Nyeupe je?

KitiChaUtumishi

Nyeupe sawa, ila weka kiganja ndani ya shati ukiwa dukani. Ukihesabu vidole, vuka. Na chini ya shati jeupe huvaliwa nguo ya ndani inayokaribiana na rangi ya ngozi. Nyeupe chini ya nyeupe ndiyo inayojichora.

MrudiKazini

Asanteni sana. Nimepima: suruali za sufu zina sentimita 3 ndani kila upande nyuma na karibu 2 ubavuni, rangi haijapauka. Zile nyingine mbili zimekufa kama fundi alivyosema. Koti moja lina mapovu.

Bado nina matatu. Mashati yote yanaachia mwanya kifuani hata yale yanayofunga. Viatu sijui nivipime vipi, vinaonekana vizima kabisa. Na koti zuri linanuka kabati.

SindanoNaUzi

Sentimita 2 za ubavuni zinatosha. Utapata 6 zako na akiba kidogo ibaki.

Mwanya wa kifuani una sababu mbili, usizichanganye. Ya kwanza ni ufinyu. Shati la kitambaa kisichovutika linahitaji kuzidi kifua chako kwa sentimita 8 hadi 10 ili upumue na unyooshe mkono kufikia faili. Kifua kimeongezeka 5, kwa hiyo nafasi ya zamani imeliwa nusu au zaidi. Mashati hayawezi kutolewa, mishono yake ya ubavuni imekunjwa na kukandamizwa pamoja, ndani hamna ziada. Ya pili ni mpangilio wa vifungo. Viwandani huachana sentimita 8 au 9, na mara nyingi mstari wa kifua huangukia katikati ya viwili. Hapo hata shati la kutosha litafunua.

Ukinunua jipya, chagua kwa kifua, usahau kiuno. Kisha fundi apunguze ubavuni kuanzia chini ya kwapa kidogo hadi kiunoni, sentimita 1.5 hadi 2 kila upande. Kupunguza ni kazi ndogo, kuongeza ndiko kusikowezekana. Tafuta shati ambalo kifungo kimoja kinakaa juu ya mstari wa kifua kabisa. Usipolipata, shona kibonyezo kidogo cha chuma kwa ndani, kati ya vile vifungo viwili, bila uzi kutokeza nje. Pini ya kawaida hutoboa kitambaa na kila wiki tundu linapanuka.

Na kabla ya kununua shati hata moja, pima upya sidiria. Kifua kilichoongezeka sentimita 5 ndani ya sidiria ya miaka 6 iliyopita, ambayo lastiki yake imelegea, kinakaa chini kuliko kinavyopaswa. Ukibadilisha sidiria baada ya kununua mashati, vifungo vyote vinahama mahali.

Ya zamani yavae wazi juu ya fulana nzuri ya shingo ya duara, chini ya lile koti zima. Hapo umeokoa matatu au manne.

KisiginoNaSoli

Viatu "vizima kabisa" vya boksini ndivyo vinavyoaibisha watu, sikiliza vizuri.

Soli nyingi laini na nyepesi ni za poliuretani. Plastiki hiyo huvunjwa taratibu na unyevu wa hewa hata kiatu kisipovaliwa, tena kisipovaliwa huharibika vibaya zaidi kwa sababu hakipati kukandamizwa wala kupitiwa na hewa. Kwa nje huoni kitu. Unakivaa asubuhi, kufikia saa sita soli inamomonyoka vipande kama keki kavu njia nzima.

Kipime hivi: kikunje kwa mikono mahali vidole vinapokunjika, ukikirudisha tazama kama kuna nyufa. Bonyeza ukucha kwenye ubavu wa soli. Ukizama na alama ibaki, au ukihisi kunatanata, au kukitoka unga, kiatu kimekwisha. Soli ya mpira mgumu au ya ngozi haina tatizo hilo, ila gundi yake inaweza kuwa imekauka, kwa hiyo vuta ncha ya mbele kwa dole gumba uone kama inaachia. Sehemu ya juu ikiwa ngozi nzuri, fundi viatu atabandika soli mpya na kiatu kitaishi miaka mingine.

Kipime pia ukiwa nacho mguuni, vaa nyumbani siku mbili tofauti, nusu saa kila siku, juu ya sakafu ngumu.

Kuhusu kubana: mguu wa mtu mzima hurefuka na kutanuka, hasa baada ya ujauzito au uzito kuongezeka, kwa sababu upinde wa wayo hushuka. Simama juu ya karatasi alasiri, mguu ukiwa umejaa, mtu mwingine achore mguu mmoja kisha mwingine. Chukua mrefu. Ndani ya kiatu ibaki sentimita 1 hadi 1.5 mbele ya kidole kirefu, ambacho si lazima kiwe dole gumba. Ngozi hutanuka kwa upana, haitanuki kwa urefu. Kikibana ubavuni, fundi anaweza kukitanua. Kikigusa kidole mbele, kigawe.

Kisigino: baada ya miaka 6 ya ndala, msuli wa nyuma ya mguu haujazoea kuinuliwa. Anza na kisigino cha sentimita 2 hadi 4, kiwe kipana. Kirefu zaidi kivae saa 2 au 3 kwa siku katika wiki za kwanza, weka cha kubadilisha chini ya meza. Jozi mbili kwa zamu, kila moja ipumzike siku nzima ikauke jasho. Jozi moja ya kila siku huoza bitana na kuanza kunuka mapema mno.

DobiWaPasi

Koti linalonuka kabati: usilipulizie manukato, utapata harufu mbili. Litundike kivulini penye upepo siku 2 au 3, mifuko ikiwa nje, vifungo vimefunguliwa. Ukiona madoadoa ya kijivu au kijani huo ni ukungu. Upige brashi nje ya nyumba, si chumbani, maana utausambaza kwenye nguo nyingine. Ukiona vijitundu, ni nondo: funga koti ndani ya mfuko wa plastiki, liweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2, ndipo ulisafishe. Kabati nalo lipanguswe, hasa pembe za chini.

Pasi: kwenye lebo ya nguo kuna alama ya pasi yenye nukta. Moja ni hadi nyuzi 110, mbili 150, tatu 200. Sufu na poliesta ni mbili, pamba na kitani tatu. Suruali nyeusi au ya bluu iliyokolea usiipige pasi upande wa nje bila kitambaa cha pamba chenye unyevu juu yake. Ule mng'ao wa matakoni na magotini ni nyuzi zilizobapwa na joto, na kwenye poliesta hauondoki.

Ukinunua nguo ya pamba au kitani, ifue mara moja kabla ya fundi kukata pindo. Inaweza kusinyaa sentimita 3 katika kila mita. Suruali iliyokatwa sawasawa leo itakuwa juu ya kifundo cha mguu baada ya mfuo wa kwanza.

Kingine cha kufanya dukani: kamata kitambaa kwenye ngumi, kibane sekunde 20, kiachie. Mikunjo ikibaki imesimama, ndivyo utakavyoonekana saa nne asubuhi baada ya kushuka garini.

Mama_wa_Wawili

Nadandia hapo. Kama anayerudi bado ananyonyesha na atakamua maziwa kazini, ushauri wa mashati unabadilika?

SindanoNaUzi

Unabadilika kidogo. Gauni la zipu ya mgongoni ondoa kabisa, utajikuta umevua kila kitu chooni. Vipande viwili ni bora: shati la vifungo hadi chini, au blauzi ya kupishanisha mbele yenye fulana ya kunyonyeshea chini yake. Kitambaa kiwe na maua au michoro ya rangi iliyokolea, kwa sababu maziwa yakichuruzika kwenye hariri au kwenye kijivu chepesi cha rangi moja yanaonekana toka mlangoni. Kifua chako asubuhi na kifua chako kabla ya kukamua si kimoja, kwa hiyo pima kikiwa kimejaa. Blauzi ya akiba ikae ofisini, pamoja na pedi za matiti.

DobiWaPasi

Na kadi za kitambulisho zinazoning'inia shingoni: klipu yake hukwangua hariri na kuvuta nyuzi za sweta. Mkanda wa begi la kompyuta nao huotesha vijidonge begani kwenye sufu laini. Begi la mkononi kwa nguo hizo, au sweta iliyofumwa kwa kukaza.

MrudiKazini

Nimenunua koti moja jipya la bluu iliyokolea badala ya lile la mapovu. Mabega yanakaa sawa. Mikono mirefu, inafika katikati ya kiganja. Mifuko yake nadhani ni ya urembo tu, haifunguki.

SindanoNaUzi

Huenda si ya urembo, mara nyingi hushonwa ili isilegee dukani. Ingiza vidole taratibu uone kama kuna kifuko ndani. Kikiwepo, kata uzi kwa mkasi wenye ncha ndogo, usivute. Mpasuo wa nyuma nao unashikwa na uzi wa X, toa huo. Kama kuna lebo nje ya mkono wa koti, toa pia, haikukusudiwa kuvaliwa.

Mikono ifupishwe hadi mfupa wa kifundo cha mkono chini ya kiganja, shati lichungulie sentimita 1. Kabla ya kukata, angalia vifungo vya mkononi. Kama matundu yake yamefunguliwa kweli, ufupishaji unaanzia juu begani na ni kazi kubwa. Kama vimeshonwa juujuu bila matundu, fundi atapunguza kutoka chini siku hiyohiyo. Nenda na shati utakalovaa nalo, na mwambie akubanie kwa pini mikono yote miwili. Mikono ya watu wengi hailingani, hutofautiana nusu sentimita hivi.

MrudiKazini

Vimeshonwa juujuu. Jumamosi nampelekea pamoja na suruali.